Takwimu Iliyosafiri Kutoka Mwanza: Kutaja Vyanzo vya Taarifa za Dawa

Mwezi Agosti 1995 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na Chuo cha London cha Usafi na Tiba ya Tropiki, wakiongozwa na Heiner Grosskurth, waliuliza swali ambalo wakati ule lilikuwa halijajibiwa kwa jaribio popote duniani: je, kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono katika vituo vya afya vya kawaida kunaweza kupunguza maambukizi mapya ya VVU? Jibu lao lilikuwa ndiyo, nalo lilikuja na takwimu. Maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40.

Takwimu hiyo haikubaki Mwanza. Iliingia katika sera, katika mafunzo ya wahudumu, katika maombi ya fedha na katika tasnifu za wanafunzi. Lakini kila ilipohama iliacha kitu nyuma. Mara iliacha neno "takriban". Mara iliacha mahali, mara muda wa miaka miwili, mara aina ya huduma iliyotolewa. Mwishowe ikabaki sentensi fupi: "Kutibu magonjwa ya ngono hupunguza VVU kwa asilimia 40," na namba ndogo ya rejea mwishoni mwake. Mwenye kuifuata namba hiyo atalikuta jarida, atakuta juzuu ya 346, atakuta kurasa za 530 hadi 536. Rejea ni sahihi kabisa. Kisicho sahihi ni sentensi.

Mwandishi wa mambo ya tiba anayejifunza kutaja vyanzo kwa kawaida hufundishwa kwanza mahali pa kuweka nukta na mkato. Mambo hayo yana nafasi yake, nayo yataelezwa chini. Hata hivyo, makosa yanayomfikia mgonjwa hayatokani na mkato. Hutokana na sentensi inayodai zaidi ya kile ambacho chanzo chake kinasema.

Jaribio lenyewe

Jaribio la Mwanza lilihusisha jumuiya 12 za vijijini, zikiwemo za mwambao wa ziwa, zilizopangwa katika jozi sita. Katika kila jozi jumuiya moja, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ilipewa huduma iliyoboreshwa, na nyingine ikabaki na huduma ya kawaida kwa ajili ya kulinganisha. Huduma hiyo haikuwa kidonge kimoja. Wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata mkusanyiko wa dalili, bila kusubiri maabara. Dawa zilihakikishwa zinapatikana wakati wote, wasimamizi walizuru vituo mara kwa mara, na wananchi walielimishwa kuja mapema kutibiwa. Mwandishi anayeutaja utafiti huu ili kutetea dawa fulani ya kuua bakteria anaupa kazi usiyoifanya, kwa kuwa kilichopimwa ni utaratibu mzima wa huduma.

Katika kila jumuiya watu wazima wapatao 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 54 walipimwa, kisha wakapimwa tena baada ya miaka miwili. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa na VVU mwanzoni, walioambukizwa katika jumuiya zenye huduma iliyoboreshwa walikuwa 48 kati ya 4,149, yaani asilimia 1.2. Katika jumuiya za kulinganisha walikuwa 82 kati ya 4,400, yaani asilimia 1.9. Baada ya kurekebisha tofauti zilizokuwepo kati ya jumuiya hizo, uwiano wa hatari ulikuwa 0.58. Hapo ndipo ilipotoka asilimia 42, iliyofupishwa kuwa "takriban 40". Watafiti waliongeza jambo ambalo wengi wanaonukuu hulisahau: kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, upungufu wa kweli ungeweza kuwa mdogo kama asilimia 21 au mkubwa kama asilimia 58.

Inafaa kutulia hapa kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo chanzo cha kutoelewana kwingi kati ya wataalamu na wagonjwa. Kutoka asilimia 1.9 hadi 1.2 ni upungufu wa pointi 0.7. Maana yake ni kwamba kati ya watu 1,000 waliofuatiliwa kwa miaka miwili, takriban watu saba waliokolewa wasiambukizwe. "Asilimia 40" na "watu saba kati ya elfu" ni maelezo ya tukio lilelile, na yote mawili ni ya kweli. La kwanza huvutia wafadhili. La pili humsaidia mtu kupima hali yake mwenyewe. Mwandishi mwaminifu huyaweka pamoja, na ikibidi kuchagua moja kwa ajili ya wasomaji wasio wataalamu, achague la pili.

Sentensi inayoutendea haki utafiti huo ni ndefu kuliko ile iliyozoeleka. Ingeweza kuandikwa hivi: katika jumuiya 12 za vijijini mkoani Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambako takriban asilimia 4 ya watu wazima walikuwa na VVU, kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya kwa takriban asilimia 40 katika miaka miwili. Mahali, wakati, watu, huduma, kipimo na muda vyote vimo. Mhariri anayelalamikia urefu wake apunguze maneno kwingineko.

Ng'ambo ya pili ya ziwa

Miaka minne baadaye, mwaka 1999, jarida lilelile lilichapisha matokeo ya jaribio jingine, safari hii kutoka Rakai nchini Uganda, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Maria Wawer na wenzake hawakusubiri watu waje kituoni. Walikwenda nyumba kwa nyumba na kutoa dawa za magonjwa ya ngono kwa watu wazima wote, wenye dalili na wasio na dalili, kila baada ya miezi kumi. Maambukizi mapya ya VVU hayakupungua. Uwiano ulikuwa 0.97, na masafa yake ya uhakika yalianzia 0.81 hadi 1.16, yaani hakuna tofauti iliyoweza kuthibitishwa.

Je, mojawapo ya majaribio hayo lilikosea? Wataalamu wa pande zote mbili walikaa pamoja wakayachunguza, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 2000. Rakai karibu mtu mmoja kati ya sita alikuwa tayari na VVU, na Mwanza ni takriban mmoja kati ya 25. Ugonjwa ukishaenea kiasi kile, watu wengi huambukizwa na wenza wasio na ugonjwa mwingine wowote wa ngono, hivyo kutibu magonjwa hayo huzuia sehemu ndogo tu ya maambukizi. Tena huduma zenyewe zilikuwa tofauti: moja inamtibu mwenye dalili siku anayokuja, nyingine inawatibu wote kwa mkupuo kisha inaondoka kwa miezi kumi, na katika miezi hiyo mtu anaweza kuugua upya.

Kwa mwandishi wa leo, jambo hili lina sharti lisilokwepeka. Anayeitaja Mwanza bila kuitaja Rakai amechagua nusu ya habari, na anayeitaja Rakai peke yake ili kuonyesha kwamba matibabu ya magonjwa ya ngono "hayana maana" amechagua nusu nyingine. Baadaye yalifuata majaribio mengine, likiwemo lile la Masaka nchini Uganda lililochapishwa mwaka 2003. Mwaka 2008 Deborah Watson-Jones na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio la wanawake waliofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na migahawa kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Wanawake hao walipewa asiklovia ya miligramu 400 mara mbili kwa siku ili kuzuia malengelenge ya sehemu za siri, kwa matumaini kwamba hatari ya VVU ingepungua. Haikupungua. Matokeo ya namna hii, yasiyo na habari njema, hunukuliwa mara chache kuliko yanayofurahisha, ingawa yaligharimu jasho lilelile na yana thamani ileile kwa mgonjwa ambaye angemezeshwa vidonge bure.

Barua ya sentensi tano

Wapo watakaosema kwamba kukata maneno machache katika nukuu hakumdhuru mtu. Kisa cha Marekani kinatosha kuwajibu. Mwezi Januari 1980 New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Ilikuwa na sentensi tano tu. Ilisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa angalau dozi moja ya dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, ni wanne tu waliothibitika kupata uraibu. Barua haikusema lolote kuhusu mtu anayepewa dawa hizo akazimeze nyumbani kwa miezi au miaka.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walifuatilia maisha ya barua hiyo katika maandiko ya kitabibu. Waliikuta imetajwa mara 608. Katika 439 kati ya hizo, yaani asilimia 72, ilitumika kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Na katika 491, yaani asilimia 81, mwandishi hakueleza kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa. Wakati huo Marekani ilikuwa ikizika watu kwa makumi elfu kila mwaka kutokana na dawa hizo na ndugu zake. Barua haikubeba peke yake mzigo wa janga hilo, kwani kulikuwa na makampuni yenye biashara ya kulinda. Lakini jarida liliona vema kuweka tahadhari juu ya ukurasa wa barua hiyo, kumwonya msomaji kwamba imetajwa sana bila uchunguzi.

Ni vigumu kuamini kwamba waandishi wote hao waliisoma. Barua ya sentensi tano husomwa kwa dakika moja. Yaelekea wengi waliikuta katika makala ya mtu mwingine, wakainakili rejea pamoja na dai lake. Huko ndiko kunukuu kwa mkono wa pili, nako kuna kanuni rahisi: kama chanzo cha kwanza hakikupatikana, mwandishi aseme waziwazi kwamba amekikuta ndani ya chanzo kingine na akitaje hicho cha pili. Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Neno "marejeo" ni la mtu anayerudi alikotoka, kama ilivyo katika methali ya mabaharia isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Asiyewahi kufika mahali hawezi kuparejea.

Kisingizio cha zamani kilikuwa kwamba majarida hayapatikani. Kisingizio hicho kimepungua nguvu tangu mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoanzisha mpango wa Hinari unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida bure au kwa bei nafuu. Mkutubi wa chuo cha tiba ndiye mtu wa kwanza kuulizwa, na huulizwa mara chache mno.

Dawa moja, vyanzo viwili

Taarifa za dawa zina ugumu wake wa pekee, kwa sababu dawa moja huzungumziwa na vyanzo vingi vyenye makusudi tofauti. Mfano ulio karibu na wakazi wa Ukerewe, Sengerema, Magu na fukwe zote za ziwa ni prazikwanteli, dawa ya kichocho. Kichocho cha tumbo kimeenea katika mwambao huu, kwa kuwa konokono wanaobeba vimelea wanaishi kwenye maji yaleyale ambamo watu huchota, hufua, huoga na kuvua. Mama mjamzito au anayenyonyesha hakwepi maji hayo.

Sasa mama huyo anapofika zahanati, mhudumu anaweza kusoma karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi la dawa. Maelezo ya mtengenezaji yaliyoidhinishwa Marekani kwa miaka mingi yalimtaka anayenyonyesha aache kunyonyesha siku ya kumeza dawa na kwa saa 72 zinazofuata. Mhudumu huyohuyo akifungua taarifa za WHO atakuta jambo tofauti. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na shirika hilo mwaka 2002 ulipendekeza kwamba wajawazito na wanaonyonyesha wasinyimwe prazikwanteli. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022, unaohusu jamii zenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, unawaingiza katika ugawaji wa dawa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwemo wanaonyonyesha, na wajawazito waliokwisha kupita miezi mitatu ya mwanzo.

Vyanzo vyote viwili ni halali, na hakuna kinachodanganya. Karatasi ya boksi ni hati ya kisheria: mtengenezaji huandika kile alichokithibitisha mbele ya mamlaka ya dawa, na pale ambapo hakufanya majaribio huweka tahadhari. Mwongozo wa afya ya jamii hupima mizani nyingine. Unaweka upande mmoja hatari inayodhaniwa ya dawa, na upande mwingine hatari inayojulikana ya kichocho kisichotibiwa: upungufu wa damu, ini lililoharibika, kutapika damu. Unaongeza pia hatari ya mtoto mchanga kukosa ziwa la mama siku tatu mahali ambapo mbadala wake ni uji mwepesi uliokorogwa kwa maji ya ziwani. Anayeandika "prazikwanteli haifai kwa anayenyonyesha" na kuweka rejea ya karatasi ya boksi peke yake, rejea yake ni ya kweli, lakini mama atakayerudishwa nyumbani bila dawa kwa sababu ya sentensi hiyo ameumizwa na uandishi.

Ushahidi wa tatu unatoka katika ufukwe huuhuu. Huko Entebbe nchini Uganda, kati ya mwaka 2003 na 2005, wajawazito zaidi ya 2,500 waliingizwa katika jaribio lililolinganisha prazikwanteli, dawa ya minyoo ya albendazoli na vidonge visivyo na dawa. Kwa jumla, waliopata prazikwanteli hawakuonekana kuzidi wengine kwa kupoteza watoto wala kwa watoto wenye kasoro za kuzaliwa. Na pia uzito wa watoto wao haukuongezeka. Kulinukuu vema kunahitaji kusema yote mawili, na kukumbusha kwamba wengi wa wanawake hao walikuwa na maambukizi mepesi. Matokeo ya Entebbe hayawezi kubebwa mzimamzima hadi kisiwa ambacho karibu kila mtu ana vimelea vingi.

Kwa swali la "mgonjwa wa hapa Tanzania atibiwe kwa dawa gani", chanzo cha kwanza ni Mwongozo wa Taifa wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu vinavyotolewa na Wizara ya Afya. Kwa swali la "dawa hii imesajiliwa nchini", chanzo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo kabla ya mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Hati za wakati huo zitajwe kwa jina la wakati huo. Kwa swali la "dawa hufanya kazi kiasi gani", hapo ndipo panapohitajika majaribio yenyewe, na hasa mapitio yanayoyakusanya majaribio yote pamoja. Kitabu cha kiada kinafaa kwa maelezo ya jinsi dawa inavyotenda kazi mwilini, na hakifai kwa dozi ya mwaka huu.

Mwaka, jina na kipimo

Historia ya malaria nchini inaonyesha kwa nini mwaka wa chanzo si pambo. Hadi mwaka 2001 dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali ilikuwa klorokwini. Mwaka huo ikapokewa na SP, na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa ya mseto, ALu. Mwongozo wa mwaka 2000, wa 2003 na wa 2010 ingetoa majibu matatu tofauti kwa homa ileile, na kila mmoja ulikuwa sahihi katika siku zake. Kwa hiyo tasnifu inayotaja "mwongozo wa Wizara" bila mwaka wa toleo haijataja chochote.

Taarifa ya awali nayo ina umri wake. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alipita Mwanza na kupiga kambi katika visiwa vya Sese kutafuta tiba ya malale. Alitumia atoksili, dawa yenye aseniki ambayo jina lake lilikusudiwa kumaanisha "isiyo na sumu". Taarifa zake za kwanza zilizochapishwa Ujerumani zilikuwa za furaha: wagonjwa waliobebwa walianza kutembea. Baadaye ugonjwa uliwarudia wengi, na dozi ilipoongezwa baadhi yao walipofuka moja kwa moja. Aliyenukuu taarifa ya kwanza bila kungoja ya pili alisambaza tumaini na upofu pamoja.

Siku hizi mzunguko huo ni wa haraka zaidi. Tarehe 22 Mei 2020 Lancet lilichapisha makala kuhusu haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Tarehe 4 Juni makala hayo yalifutwa, kwa kuwa takwimu zake hazikuweza kuthibitishwa. Makala yaliyofutwa hubaki kwenye intaneti yakiwa na alama ya kufutwa, na bado waandishi wengine huendelea kuyataja kwa sababu walihifadhi nakala mapema. Kabla ya kupeleka kazi kwa mhariri, kila rejea ifunguliwe upya mahali ilipochapishwa.

Kuhusu umbo la rejea, majarida mengi ya tiba hufuata mtindo wa Vancouver, uliopewa jina la mji wa Kanada ambako kikundi cha wahariri kilikutana mwaka 1978. Vyanzo hupewa namba kwa mpangilio wa kutokea kwake, na namba hiyohiyo hutumika kila chanzo kinaporudiwa. Hati isiyo na jina la mtu, kama mwongozo wa Wizara au wa WHO, huwekwa chini ya jina la taasisi, ambayo ndiyo mwandishi wake. Ukurasa wa mtandaoni unaobadilika hutajwa pamoja na tarehe ya kuusoma. Mengine yamo katika maelekezo ya kila jarida.

Jina la dawa liandikwe kwa jina lake la kimataifa, si la biashara, ili msomaji wa Musoma na wa Bukoba wajue ni dawa ileile hata kama boksi zina rangi tofauti. Mtafutaji ajue pia kwamba Wamarekani huita asetaminofeni kile ambacho wengine huita parasetamoli; asiyejua hilo ataacha nusu ya tafiti. Kipimo kinakiliwe pamoja na kizio chake chote. "40" katika prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na bila maneno hayo ya mwisho ni namba ya hatari. Neno mikrogramu liandikwe kwa ukamilifu, kwa sababu kifupisho chake kikisomwa vibaya kuwa miligramu, dozi huzidi mara elfu moja.

Na programu za kompyuta zinazojibu maswali kwa lugha ya kawaida? Zinaweza kumsaidia mwandishi kupanga mawazo, lakini zina tabia ya kutunga rejea zenye majina ya watafiti wa kweli, jarida la kweli na makala ambayo hayakuwahi kuandikwa. Rejea ambayo mwandishi hajaifungua kwa macho yake haistahili kuingia katika kazi yake, iwe imetoka kwa mashine au kwa mwalimu.

Upande wa mgonjwa

Mgonjwa naye ana haki katika mnyororo huu. Anapoambiwa dawa "imethibitishwa", anaweza kuuliza kwa adabu imethibitishwa na nani, lini, na kwa watu wa namna gani. Mhudumu aliyezoea kutaja vyanzo hataudhika. Atafungua mwongozo na kuonyesha ukurasa. Asiyekuwa na jibu siku hiyo anaweza kusema atatafuta, na akatafuta. Vilevile mgonjwa aliyesoma karatasi ya boksi na kuogopa asiitupe dawa kimyakimya, bali arudi nayo kituoni, kwa kuwa huenda tahadhari aliyoisoma ilikwisha kupimwa na mwongozo wa taifa.

Tena si kila jambo limekwisha kuandikwa. Mhudumu wa kisiwa cha Ukara anaweza kuona kwa mgonjwa wake dhara ambalo halimo katika karatasi, mwongozo wala jarida. Asiliazimie rejea ya jambo linalofanana nalo. Anaandika alichokiona: jina la kimataifa la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, dozi, tarehe ya kuanza, tarehe ya dalili, na dawa nyingine alizokuwa akitumia mgonjwa, kisha anaipeleka taarifa hiyo TMDA kwa fomu yake ya madhara ya dawa. Hapo yeye ndiye chanzo, na wanaokuja baada yake watahitaji kila moja ya tarehe hizo.